Colin Chapman: Gari lililokosa mnunuzi likamzalia kiwanda

Mfanyabiashara aliyewahi kubaki na mzigo usiouzika anayajua maumivu yake. Fedha zimelala pale, bei inashuka kila wiki na mteja haonekani. Mwishoni mwa mwaka 1947 hali hiyo ilimkuta kijana mmoja wa London, Colin Chapman, aliyekuwa na umri wa miaka 19.

Chapman alikuwa akisomea uhandisi wa majengo katika chuo cha University College London, lakini muda wake mwingi uliishia kwenye kununua na kuuza magari ya mitumba akishirikiana na mwenzake wa chuoni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha miaka miwili tu iliyopita. Magari mapya yalikuwa adimu, na chochote chenye magurudumu manne kilichoweza kuwaka kilipata mnunuzi. Biashara ilikwenda vizuri mpaka serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, ilipofuta mgawo wa petroli kwa wenye magari binafsi. Nani atanunua gari asiloweza kulitia mafuta? Bei zikaanguka. Vijana wale wakauza magari yao kwa hasara hadi faida yote ikayeyuka, na mwisho likabaki moja ambalo hakuna aliyelitaka: Austin Seven kuukuu.

Badala ya kulitupa, Chapman akaamua kuligeuza liwe gari la mashindano.

Wengi wanaolijua jina lake wanalijua kwa sababu ya kampuni ya Lotus, ambayo kati ya 1963 na 1978 ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya Formula One mara saba. Lakini kwa wasomaji wa kurasa hizi, miaka ya mwanzo ndiyo yenye mengi ya kujifunza, alipokuwa hana kitu zaidi ya injini ndogo ya gari la bei nafuu na gereji ya kuazima.

Injini ya gari la mtu wa kawaida

Austin Seven ilianza kutengenezwa mwaka 1922. Mwenye kiwanda, Herbert Austin, aliwalenga watu waliokuwa wakisafirisha familia zao kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, na kazi kubwa ya kuichora aliifanya na kijana wa miaka 18 aitwaye Stanley Edge. Ilikuwa na injini ya silinda nne ya cc 747 tu, yenye nguvu za farasi zipatazo 10. Bodaboda ya cc 150 haiko mbali na hapo.

Kwa mbio, injini hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kranki yake iliegemea beringi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, bila chochote cha kuishika katikati. Ukiizungusha kwa kasi sana inapinda, na ikizidi inakatika. Lakini ilikuwa na sifa ambazo fundi maskini anazipenda. Ilikuwa nyepesi, rahisi kufungua, na spea zake zilikuwa kila mahali. Hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1939 zilikuwa zimetengenezwa Austin Seven zipatazo 290,000, kwa hiyo baada ya vita vijana wa Uingereza walizikuta zimejaa kwenye vituo vya vyuma chakavu.

Chapman alilifanyia kazi gari lake katika gereji ya nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, kaskazini mwa London. Hakuanza na injini. Alianza na bodi. Aliivua ile ya zamani akajenga nyingine kwa plaiwudi iliyobandikwa bati la alumini, akiweka kuta za ndani za kuikaza kama zinavyowekwa kwenye ndege. Ikawa ngumu bila kuwa nzito. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama huna fedha za kununua nguvu, punguza mzigo ambao nguvu hiyo inausukuma. Kila mkulima aliyewahi kupandisha mlima na pikapu iliyojaa, kisha akarudi nayo tupu, amekwisha kuiona hesabu hiyo kwa macho yake.

Mwaka 1948 gari hilo, alilolipa jina la Lotus, likaanza kushindana katika mbio za kupanda vilima vya matope, Hazel akiwa kiti cha pembeni. Zawadi walizopata zilimpa Chapman moyo wa kujenga la pili, akitumia chasi ya Austin Seven na injini ya Ford ndogo. Juni 1950, katika uwanja wa Silverstone, gari hilo la spea za kuokoteza lililishinda gari la Bugatti. Kuanzia siku hiyo matope hayakumvutia tena.

Matundu mawili, silinda nne

Kulikuwa na chama cha wapenzi wa magari madogo, 750 Motor Club, kilichoanzishwa mwaka 1939. Baada ya vita chama hicho kiliweka mashindano ya watu wasio na fedha: lazima utumie chasi na injini ya Austin Seven. Lengo lilikuwa fundi wa mtaani ashindane na fundi mwenzake, si na pochi ya tajiri.

Kwa msimu wa 1951 Chapman alitengeneza gari lake la tatu kwa kushirikiana na ndugu wawili, Michael na Nigel Allen. Alipokuwa akiichunguza injini aliona jambo ambalo wengine walilizoea. Silinda zilikuwa nne, lakini matundu ya kuingizia mchanganyiko wa hewa na petroli yalikuwa mawili tu, kila tundu likihudumia silinda mbili za jirani. Ni sawa na nyumba mbili zinazochota maji kwenye bomba moja: wa kwanza akifungua, wa pili anapata kidogo. Chapman akaligawa kila tundu kwa ukuta mwembamba wa chuma na kufunga kabureta yenye koo mbili, hivyo kila silinda ikawa na njia yake.

Hakuongeza ukubwa wa injini wala hakununua kitu cha gharama. Gari likawaacha wenzake mbali kiasi kwamba mashindano yalipoteza ladha, na chama kikapiga marufuku ujanja huo. Kwa maoni yangu chama kilikuwa sahihi, maana mashindano ya watu wa hali ya chini hayana maana kama mshindi anajulikana kabla ya bendera kushushwa. Lakini kwa Chapman marufuku ile ilikuwa tangazo la bure. Watu wakaanza kumfuata wakitaka awatengenezee na wao.

Pauni 25 za mchumba

Tarehe 1 Januari 1952 ikaanzishwa Lotus Engineering. Mtaji unaotajwa ni pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye walifunga ndoa mwaka 1954. Karakana ilikuwa kwenye mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya Railway Hotel, eneo la Hornsey, hoteli iliyokuwa ikisimamiwa na baba yake Chapman.

Hakuacha kazi yake. Mchana alikuwa mhandisi wa kampuni ya British Aluminium, jioni na usiku alikuwa karakana, akisaidiwa na vijana waliofanya kazi bila malipo kwa kuipenda tu. Aliendelea hivyo miaka mitatu, hadi Januari 1955. Mwanzo haukuwa laini. Mwaka 1952 gari la mfano la bidhaa yao mpya liligongwa barabarani likaharibika vibaya, na muda si mrefu mshirika wake Michael Allen akajitoa.

Bidhaa yenyewe iliitwa Mark VI. Fremu yake ilikuwa ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu, kama kenchi za paa, jambo ambalo mtu aliyesomea uhandisi wa majengo alilijua vizuri. Lakini werevu mkubwa zaidi ulikuwa katika namna ya kuiuza. Wakati huo gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi kubwa ya ununuzi, ilhali vipuri havikutozwa. Chapman akauza vipuri. Mteja alichukua fremu na bodi, akatafuta mwenyewe injini na gia kutoka kwenye Ford ndogo iliyochakaa, ya cc 1172, akaunganisha nyumbani. Kodi hakuna, ujira wa fundi hakuna, na kiwanda hakilazimiki kufunga mtaji kwenye injini. Ziliuzwa zaidi ya 100.

Mrithi wake, Lotus Seven, ilitoka mwaka 1957 kwa utaratibu huohuo. Mwaka 1973 haki za kuitengeneza zilihamia kampuni ya Caterham.

Tabia ya kutumia injini za watu haikumtoka hata alipopata fedha. Alianza kutumia injini ya Coventry Climax iliyotokana na pampu ya zimamoto, ambayo serikali ilitaka iwe nyepesi ya kubebwa na watu wawili. Baadaye akachukua bloku ya Ford ya kawaida, akaiwekea kichwa kipya chenye kemshafti mbili, ikawa injini ya Lotus Cortina. Wazee wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaoikumbuka Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young iliyoshinda East African Safari ya mwaka 1964 wanaijua familia ya bloku hiyo, maana ndiyo iliyokuwa chini ya boneti.

Mfugaji wa kondoo

Dereva aliyempa Chapman sifa kuliko wote alikuwa mkulima. Jim Clark alisimamia shamba la kondoo na ng'ombe la familia yake kusini mwa Scotland, na wazazi wake hawakutaka kabisa mambo ya mbio. Alishinda mashindano 25 ya Formula One, yote akiwa na Lotus, akawa bingwa wa dunia 1963 na 1965. Mwaka huo wa 1965 alishinda pia mbio za maili 500 za Indianapolis, Marekani.

Hapa ndipo hesabu ya wepesi ilipoanza kudai malipo. Chuma kinachopunguzwa hadi mwisho kinabaki bila akiba ya nguvu siku mambo yakiharibika. Juni 1960, katika mazoezi ya mbio za Spa, Ubelgiji, Lotus ya Stirling Moss ilichomoka gurudumu akavunjika miguu. Siku hiyohiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika. Taylor aliumia, hakurudi tena kwenye mbio, na aliishtaki kampuni akashinda. Clark alifariki Aprili 1968 huko Hockenheim, Ujerumani, akiwa na miaka 32, na inaaminika tairi lilipungua upepo. Jochen Rindt alikufa Monza Septemba 1970 baada ya shafti ya breki ya mbele kukatika. Alitangazwa bingwa wa dunia wa mwaka huo akiwa kaburini.

Watetezi wa Chapman husema zama zile kila timu ilizika madereva, na ni kweli. Lakini mafundi na madereva wengi walijua Lotus ni gari la kushinda au kuvunjika. Aliyekuwa ndani yake si yule aliyelichora.

Ujanja wa fedha nao ulivuka mpaka. Mwaka 1978 Lotus ilipewa kazi ya kusanifu gari la DeLorean, mradi wa Ireland ya Kaskazini uliojaa fedha za walipakodi wa Uingereza. Dola milioni 17.65 zilipitishwa katika kampuni iliyosajiliwa Panama, na mradi ukafilisika mwaka 1982. Chapman hakufika mahakamani. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54. Mwaka 1992 mkuu wake wa fedha, Fred Bushell, alifungwa miaka mitatu, na jaji akaeleza kwamba Chapman angekuwa hai angepata si chini ya miaka 10.

Ile Austin Seven iliyokosa mnunuzi mwaka 1947 hatimaye aliiuza mwaka 1950, baada ya kuitangaza gazetini. Ikaenda kaskazini mwa Uingereza na kupotea machoni mwa watu. Mwaka 2018 kampuni ya Lotus ilipotimiza miaka 70 tangu gari hilo lianze mbio, iliwaomba watu wa nchi zote wachungulie kwenye magereji, vibanda na maghala yao, huenda bado limekaa mahali chini ya vumbi.