Zhu Yuanzhang

Zhu Yuanzhang (21 Oktoba 1328 – 24 Juni 1398), anayejulikana pia kwa jina la utawala wake, Kaisari Hongwu, alikuwa mwanzilishi wa nasaba ya Ming nchini China na kaisari wake wa kwanza kuanzia mwaka 1368 hadi kifo chake. Alizaliwa katika familia ya wakulima maskini. Chini yake mji wa Nanjing ulikuwa makao makuu ya China nzima kwa mara ya kwanza.

Maisha ya awali

Alizaliwa Haozhou, eneo ambalo leo ni Fengyang katika mkoa wa Anhui. Wakati huo China ilitawaliwa na nasaba ya Yuan ya Wamongolia. Wazazi wake walilima mashamba ya watu wengine na walihama mara kwa mara kwa sababu ya umaskini.

Mwaka 1344 eneo hilo lilipatwa na ukame, nzige na maradhi. Baba yake, mama yake na kaka yake mkubwa walifariki wakifuatana kwa muda mfupi. Familia haikuwa na ardhi wala majeneza, na jirani mmoja aliwapa mahali pa kuzika. Zhu alipokelewa katika monasteri ya Kibuddha, lakini hata huko chakula kilikwisha. Kwa miaka kama mitatu alizunguka akiombaomba kabla ya kurudi monasterini.

Uasi na kutwaliwa kwa Nanjing

Mwaka 1352 alijiunga na waasi walioitwa Vilemba Vyekundu, katika kikosi cha Guo Zixing. Alipanda cheo haraka na kumwoa binti Ma, aliyelelewa na Guo, ambaye baadaye alikuwa Malkia Ma.

Mwaka 1356 aliuteka mji wa Jiqing kando ya mto Yangtze, akauita Yingtian. Huu ndio mji wa Nanjing wa leo. Aliwakataza askari wake kupora, na wasomi wakaanza kujiunga naye. Mmoja wao, Zhu Sheng, alimshauri ajenge kuta ndefu, akusanye nafaka na asiharakishe kujitangaza mfalme.

Wapinzani wake wakubwa hawakuwa Wamongolia bali viongozi wengine wa waasi. Mwaka 1363 alipigana na Chen Youliang katika ziwa Poyang. Kundi la meli za Chen lilikuwa kubwa zaidi, lakini Zhu alitumia mashua za moto, na Chen aliuawa kwa mshale. Mwaka 1367 alimshinda pia Zhang Shicheng wa Suzhou.

Mji mkuu na ukuta wake

Mwanzoni mwa mwaka 1368 alitangaza nasaba ya Ming. Mwaka huohuo jeshi lake liliteka Dadu (leo Beijing), na kaisari wa mwisho wa Yuan akakimbilia kaskazini.

Ujenzi wa ukuta wa Nanjing ulikuwa umeanza mwaka 1366 na uliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukuta huo ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi. Matofali yalichomwa katika wilaya nyingi kando ya mto Yangtze na matawi yake, yakasafirishwa kwa mashua. Mengi yaligongwa mhuri wenye majina ya maafisa na ya mafundi waliohusika, ili tofali bovu liweze kufuatiliwa hadi kwa aliyelitengeneza.

Utawala wake wote ulifuata utaratibu huo. Mwaka 1381 aliagiza kila kaya nchini iandikwe katika madaftari ya watu na mali. Nakala zilihifadhiwa katika visiwa vya ziwa Xuanwu, Nanjing, ili zisiunguzwe na moto.

Hofu na mauaji

Alipunguza mzigo wa wakulima, akagawa ardhi iliyoachwa na kuwaadhibu vikali maafisa wala rushwa. Lakini hakuwaamini waliomzunguka. Mwaka 1380 alimwua waziri mkuu wake, Hu Weiyong, kwa tuhuma za uhaini, kisha akafuta cheo chenyewe na kuzishika kazi zake. Malkia Ma, aliyejulikana kwa kumtuliza, alifariki mwaka 1382. Mwaka 1393 jenerali Lan Yu naye aliuawa. Katika kesi hizo mbili na msako uliofuata, maelfu ya watu waliuawa, wakiwemo jamaa za washtakiwa.

Imani yake aliiweka kwa wanawe. Aliwapa vyeo vya kifalme na kuwatuma mikoani, na wale wa mpaka wa kaskazini waliongoza majeshi.

Kifo na urithi

Mwana mrithi, Zhu Biao, alifariki mwaka 1392, hivyo mwaka 1398 kiti kilikwenda kwa mjukuu, Kaisari Jianwen. Majenerali wengi wenye uzoefu hawakuwepo tena wa kumlinda. Kaisari huyo kijana alipoanza kuwanyang'anya ami zake mamlaka, mmoja wao, Zhu Di, aliyekuwa na jeshi Beijing, aliasi mwaka 1399. Mwaka 1402 alifika Nanjing. Ukuta haukubomolewa: lango moja lilifunguliwa kutoka ndani, na mmoja wa waliolifungua alikuwa mwana mwingine wa Zhu Yuanzhang. Ikulu iliungua na Jianwen hakuonekana tena.

Zhu Di alitawala kwa jina la Yongle. Chini yake Zheng He alianza safari zake kutoka Nanjing, na baadhi ya safari hizo zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1421 makao makuu yalihamishiwa Beijing.

Zhu Yuanzhang alizikwa pamoja na Malkia Ma katika kaburi la Xiaoling, chini ya mlima Zijin nje ya Nanjing. Tangu mwaka 2003 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Takriban kilomita 25 za ukuta bado zimesimama, na majina ya mafundi yanasomeka katika matofali hadi leo.