Muuza vitambaa aliyegundua viumbe kwenye ukoga wa meno

Mwaka 1683, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, muuza vitambaa mmoja alikwangua ukoga mweupe kati ya magego yake. Aliuchanganya na maji ya mvua, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Leo tunaviita bakteria.

Mtu huyo ni Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632. Baba yake, msuka vikapu, alifariki Antonie akiwa bado mtoto. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo. Lakini alikuwa hodari wa kutengeneza lenzi, na kwa hadubini zake ndogo aliona mambo ambayo hayakuwahi kuonwa na mtu.

Mwaka 1676 aliwaandikia wasomi wa London kwamba ndani ya maji kuna viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Wengi hawakumwamini. Akaita mashahidi waje kutazama, na mwaka uliofuata Robert Hooke wa London naye akaviona. Mwaka 1680 muuza vitambaa huyo akapokewa rasmi katika Jumuiya ya Kifalme ya London.

Van Leeuwenhoek alitunza sana kinywa chake. Kila asubuhi alisugua meno kwa chumvi, akasukutua kwa maji, akachokonoa magego na kuyafuta kwa kitambaa. Fizi zake hazikuwa zikitoka damu. Hata hivyo, ukoga ulibaki katikati ya meno. Alipomchunguza mzee ambaye hakuwahi kusafisha kinywa, alikuta viumbe vingi zaidi.

Kisha akajaribu siki. Ilipochanganywa na mate, viumbe vilikufa papo hapo. Lakini aliposukutua kwa siki, vile vilivyojificha ndani ya ukoga vilibaki hai. Siki haikupenya.

Alifariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90, bila kujua kwamba viumbe hao wanaweza kuleta ugonjwa. Hilo lilithibitishwa na wengine baadaye sana.

Jaribio lake la siki bado lina funzo, hata kwa wenye meno ya bandia yaliyopandikizwa kwa skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya. Jino hilo halitoboki, ndiyo maana wengine hudhani halihitaji kusafishwa. Lakini ukoga hujenga juu yake kama kwenye jino la kawaida. Ufizi unaolizunguka huvimba, huwa mwekundu na hutoa damu. Usipotibiwa, uvimbe hushuka hadi kwenye mfupa, mfupa huliwa taratibu, na mwishowe jino hulegea. Mara nyingi hakuna maumivu ya kumshtua mtu mapema. Wavutaji sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa wako hatarini zaidi.

Kusukutua peke yake hakutoshi. Ukoga lazima usuguliwe kwa mswaki mara mbili kwa siku, hadi pale jino linapokutana na ufizi, na katikati ya meno pia. Ukiona damu au usaha, usingoje jino litikisike. Nenda kwa daktari wa meno.