Krapf wa Rabai: Mlango Aliowafungulia Wengine

Somo: 1 Wakorintho 3:5-9

Juu ya kupanda na kumwagilia, wiki hii nataka tumtazame mtu ambaye sisi wa Rabai tumelisikia jina lake tangu shule ya msingi, lakini wengi twamjua nusu: Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alikuwa Mlutheri, akasomea umisheni Basel, Uswisi. Lakini waliomtuma Afrika ni CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Hebu ona hapo: Mlutheri, na mkate wake unatoka kwa Waanglikana!

Alihudumu kwanza Uhabeshi. Mlango wa kule ulipofungwa, akaja pwani yetu mwaka 1844. Hata mwaka haujaisha, mkewe Rosine akafariki kwa homa Mombasa, mwezi wa Julai, na kitoto chao kichanga cha kike kikafa pia. Mtu mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye alibaki na kuendelea na Kiswahili na tafsiri ya Maandiko.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Agosti mwaka huo wakahamia hapa Rabai, wote wawili wakiwa bado wanasumbuliwa na homa, na wazee wetu wakawapokea. Krapf akaitafsiri Injili ya Luka kwa lugha ya hapa kwetu, ikachapishwa Bombay mwaka 1848. Mwaka ule ule ikatoka pia tafsiri yake ya Katekisimu ya Heidelberg, ambayo si ya Walutheri wala ya Waanglikana. Ni ya makanisa yaliyo ukoo mmoja na PCEA. Krapf aliona inafundisha vizuri, akaitumia.

Matunda? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, na alibatizwa akiwa anakaribia kufa. Mimi nilisomea biashara chuoni, na kwa hesabu zetu mradi kama huo ungefungwa mapema. Tena hao wawili hawakukubaliana kila jambo. Krapf aliota vituo vya misheni vikishikana kama mnyororo kutoka pwani hii mpaka magharibi ya Afrika. Rebmann alitaka watulie mahali pamoja. Lakini hakuna aliyetoka akafungua kanisa lake ng'ambo ya barabara.

Mwaka 1853 afya ilimshinda Krapf, akarudi Ulaya. Sasa sikiliza sehemu inayonigusa zaidi. Wamethodisti wa Uingereza walitaka kuanza kazi Afrika Mashariki. Krapf angeweza kuwaambia pwani ile ni ya CMS, tafuteni kwingine. Badala yake alifunga safari yeye mwenyewe, akiwa amepita miaka hamsini, akawaleta. Mwaka 1862 akawasaidia kuanza Ribe, jirani yetu kabisa, wakati Rebmann bado yuko Rabai kwa ajili ya Waanglikana. Wenzake walipoondoka, Thomas Wakefield alibaki akaendeleza kazi ya Ribe kwa miaka mingi.

Kwenye biashara hakuna anayefanya hivyo. Ukifungua duka, humtafutii mshindani wako kiwanja cha pili. Lakini Krapf alijua shamba lina mwenyewe, naye si yeye.

Wapendwa, leo Rabai nyumba moja ina mama wa ACK, kijana Mmethodisti na binti aliye kwetu. Kwenye matanga tunaimba pamoja, matanga yakiisha kila mtu kwake. Njaa ikiingia, kila kanisa huandika orodha yake, ndipo boma moja hupata unga mara tatu na jirani yake analala bila kitu. Na Shakahola ilitokea humu humu kaunti yetu ya Kilifi. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Mhubiri asiye na mwenzake wa kumuuliza maswali ni hatari kwa kundi.

Najua mtu atauliza: na mafundisho je? Sisi tutaendelea kubatiza kwa maji mengi na kunena kwa lugha; hakuna anayetuomba tuache. Krapf naye hakuacha imani yake ili afanye kazi na wengine. Ila njaa haina dhehebu, na kaburi halina dhehebu.

Kwa hiyo nimewaomba wazee wa kanisa waturuhusu kuketi na wachungaji wa Rabai na Ribe, tuwe na orodha moja ya wenye shida. Wako wanaoogopa kwamba tutapoteza washirika. Uamuzi bado, naomba mtuombee.

Krapf alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wiki hii nawe ukipiga magoti, taja kanisa moja ambalo si letu, ulitaje kwa jina, umwombe Bwana alibariki. Kisha umtafute mshirika wake mmoja umwambie umewaombea.

Mungu awabariki.