Tabibu Jan Ingenhousz na Majani Mabichi

Katika nchi ya Uholanzi uko mji uitwao Breda, na katika mji huo alizaliwa Jan Ingenhousz, tarehe 8 Desemba 1730. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa ngozi, mtu mwenye mali ya kutosha. Wakati Jan alipokuwa kijana ilikuwako vita katika nchi za Ulaya, na askari wa Kiingereza wakapiga kambi karibu na Breda. Pamoja nao alikuwako tabibu mmoja jina lake John Pringle. Bwana huyo alizoea kuja nyumbani kwa mzee Ingenhousz, akamwona yule kijana, akapendezwa na akili zake. Urafiki huo ndio uliomfungulia Jan mlango wa mambo makubwa baadaye.

Jan akapelekwa kusoma utabibu katika mji wa Leuven, ambao siku hizi umo katika nchi ya Ubelgiji, akapata shahada yake mwaka 1753. Kisha akarudi kwao, akawa anatibu wagonjwa wa Breda kwa muda wa miaka mingi. Lakini baba yake alipokufa, mwaka 1764, hakuona tena sababu ya kukaa pale. Akavuka bahari kwenda Uingereza kwa rafiki yake Pringle, ambaye wakati huo alikuwa tabibu mwenye sifa kubwa katika London.

Siku zile ugonjwa wa ndui uliwaua watu wengi sana, maskini kwa matajiri. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine wakawa vipofu. Dawa ya kuuponya haikuwako. Ilikuwako njia moja tu ya kuuzuia, nayo ilikuwa ya hatari: kutwaa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui na kuutia katika ngozi ya mtu mzima wa afya. Mtu yule akaugua kidogo, akapona, na ndui isimpate tena. Walakini wachache waliochanjwa hivyo walikufa, kwa hiyo watu wengi waliogopa. Ingenhousz alijifunza kazi hiyo kwa uangalifu, na mwaka 1768, ndui ilipoingia katika vijiji vya Hertfordshire, yeye na mwenzake Thomas Dimsdale wakawachanja mamia ya watu.

Mwaka ule ule ikaja habari kutoka Vienna, mji mkuu wa Austria. Malkia Maria Theresa alikuwa amekwisha zika watoto watatu waliouawa na ndui, naye mwenyewe mwaka 1767 aliupata ugonjwa huo, akaponea chupuchupu. Akaomba kwa Mfalme wa Uingereza apewe tabibu ajuaye kuchanja, na Pringle akamtaja Ingenhousz. Kazi ile ilikuwa nzito. Kama mtoto mmoja wa malkia angalikufa kwa chanjo, nani angalimtetea mgeni yule? Kwanza walichanjwa watoto wa maskini, ili ionekane kama njia ile ni salama. Maana ndivyo ilivyokuwa desturi ya siku zile, ya kwamba mtoto wa maskini atangulie hatarini. Watoto wale walipopona, akawachanja wana wawili wa malkia na mjukuu wake mmoja. Wote wakapona. Malkia akafurahi mno, akamfanya kuwa tabibu wa nyumba ya kifalme, akaamuru apewe fedha kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake.

(Ndui haiko tena duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata ugonjwa huo kwa njia yake ya kawaida alikuwa mtu wa Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba umekwisha. Lakini chanjo iliyoumaliza si ile ya Ingenhousz. Ni nyingine iliyo salama zaidi, ambayo Edward Jenner aliianza mwaka 1796.)

Sasa Ingenhousz alikuwa na fedha, na nafasi, na heshima. Wengine wakipata hayo huketi wakanenepa. Yeye alinunua vyombo vya kuchunguzia mambo ya umeme, na joto, na hewa. Mwaka 1775 alimwoa Agatha Maria Jacquin, ambaye ndugu yake alikuwa mjuzi mkubwa wa mimea.

Hapo yafaa kueleza jambo lililokuwa likiwasumbua wenye elimu. Kila mtu aliona kwamba ng'ombe hula majani, na simba hula nyama. Bali mti hauna kinywa, wala hautembei kutafuta chakula, nao hukua ukawa mkubwa kuliko tembo. Je, mwili wake watoka wapi? Wakulima walisema ni udongo. Zamani kidogo, bwana mmoja jina lake van Helmont alijaribu kulipima neno hilo. Alitia ratli 200 za udongo mkavu katika chungu kikubwa, akapanda humo mche wenye uzito wa ratli 5, akaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano aliung'oa, akaupima, akakuta ratli 169 na zaidi. Akaukausha udongo, akaupima tena: ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Akakata shauri kwamba mti wote umefanyika kwa maji. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Kipimo chake kilikuwa kizuri, na neno lake juu ya udongo lilikuwa kweli. Lakini hakufikiri habari za hewa.

Aliyefikiri habari za hewa ni Mwingereza Joseph Priestley. Yeye alijua kwamba mshumaa ukiwashwa ndani ya chombo kilichofunikwa huzimika baada ya kitambo, na panya akitiwa humo hufa. Mwezi wa Agosti 1771 alitia kijiti cha mnanaa katika hewa ambayo mshumaa ulikuwa umezimikia ndani yake. Baada ya siku kumi aliona kwamba mshumaa waweza kuwaka tena humo. Basi mmea ulikuwa umeisafisha hewa! Jambo hilo likasifiwa mahali pengi, na Pringle, ambaye sasa alikuwa mkuu wa chama cha wenye elimu cha London, akatoa hotuba juu yake mwaka 1773. Lakini kulikuwa na taabu moja. Priestley aliporudia kazi ile, mara nyingine hewa ilisafika, na mara nyingine haikusafika, hata ikawa mbaya zaidi. Mtu wa Sweden, jina lake Scheele, alijaribu vile vile, naye akakuta mimea yaharibu hewa. Wote wawili walikuwa watu waaminifu na mafundi wa kazi zao. Basi, yupi aliyesema kweli?

Ingenhousz alikuwa ameisoma hotuba ya Pringle, na neno hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1779 alikuwa Uingereza kwa ruhusa ya malkia. Akapanga nyumba ya shamba karibu na London, mbali na wageni na mazungumzo, akafanya kazi tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba. Katika miezi ile alifanya majaribio zaidi ya 500.

Njia yake ilikuwa nyepesi. Alichuma majani mabichi, akayatia katika chupa ya kioo iliyojaa maji, akaigeuza kinywa chini ndani ya bakuli la maji, akaiweka juani. Baada ya kitambo majani yalijaa mapovu madogo kama lulu, hasa upande wa chini wa jani. Mapovu yakapanda juu na kukusanyika katika kitako cha chupa. Mtu wa Geneva jina lake Bonnet alikuwa ameyaona mapovu hayo zamani, akadhani ni hewa ya kawaida tu iliyoshikamana na jani. Ingenhousz hakutosheka na kudhani. Aliikusanya ile hewa akaijaribu. Mshumaa ukawaka ndani yake kwa mwanga mkali mno, kupita katika hewa ya kawaida. Ilikuwa hewa ile tunayoiita oksijeni, ambayo watu na wanyama hawawezi kuishi bila hiyo.

Kisha akabadili jambo moja moja. Aliweka chupa kivulini: mapovu yakawa machache. Akaiweka gizani: yakakoma. Je, ni joto la jua lifanyalo kazi hiyo, au mwanga wake? Akayatia majani joto la moto pasipo jua, asione ile hewa njema. Basi ni mwanga. Akatia mizizi, na maua, na matunda: hakuna kitu. Ila majani na vijiti vilivyo na rangi ya kijani ndivyo vifanyavyo kazi. Akajaribu na mimea yenye sumu, nayo ikatoa hewa njema sawasawa na mimea iliwayo. Akaona tena kwamba kazi huanza asubuhi baada ya jua kuchomoza, huzidi kadiri mwanga unavyozidi, hupungua jioni, na jua likitua hukoma.

Tena aliona jambo la pili, ambalo watu wengi hawakupenda kulisikia. Usiku mimea huiharibu hewa kama vile watu na wanyama waiharibuvyo kwa kupumua. Hapo fumbo la Priestley na Scheele likafunguka: aliyeuweka mmea penye mwanga aliona hewa imesafika, na aliyeuweka penye giza aliona imechafuka, wala hapana mwongo kati yao. Kwa habari za usiku Ingenhousz alitia chumvi kidogo, akawaonya watu kana kwamba maua machache chumbani ni hatari kubwa. Mmea mdogo hutumia hewa kidogo sana usiku, na mtu mmoja alalaye humo hutumia nyingi zaidi.

Kitabu chake kilitoka London mwaka ule ule wa 1779, na fitina ikaanza. Priestley alisema kwamba yeye mwenyewe alikwisha ona kazi ya mwanga. Ni kweli alikuwa ameona utelezi wa kijani katika maji yaliyowekwa juani ukitoa hewa njema, lakini kwanza hakuamini kwamba utelezi ule ni mmea. Mchungaji Senebier wa Geneva naye akajidai, akakataa kabisa habari za hewa mbaya ya usiku. Ingenhousz alihuzunika sana. Akarudi kwenye chupa zake, akarudia majaribio mamoja kwa mamoja, akaandika kitabu juu ya kitabu. Kwa habari ya usiku alikuwa na haki.

Lakini Senebier naye alikuwa na haki kwa jambo jingine, na jambo hilo ndilo kiini cha habari zote. Alichemsha maji mpaka hewa yote ikatoka, akatia majani, akayaweka juani. Hayakutoa mapovu. Akatia ndani ya maji ile hewa itokayo mtu anapopumua, ambayo siku hizi huitwa kaboni dayoksaidi, na mara mapovu yakatokea. Basi jani halitoi oksijeni bure. Kwanza lazima lipokee kaboni dayoksaidi. Ingenhousz kwanza alilipinga neno hilo, maana mtu aliyeumizwa na fitina si mwepesi kukubali la mpinzani wake. Baadaye alikubali, akalipita. Katika maandiko yake ya mwaka 1796 juu ya chakula cha mimea alieleza kwamba kaboni ya mmea, yaani ile iwayo makaa mti uchomwapo, haitoki katika udongo bali katika hewa. Msitu mzima, pamoja na magogo yake makubwa, kwa sehemu kubwa umetwaliwa katika hewa isiyoonekana.

Wakati huo alikuwa mbali na kwake. Mwezi wa Julai 1789 alikuwa Paris, na maasi makubwa ya Wafaransa yakaanza palepale. Akakimbilia Uholanzi, na kutoka huko akaenda Uingereza. Vita na maradhi vikamfungia njia, asiuone tena mji wa Vienna wala mkewe. Katika uzee wake rafiki zake walimkaribisha katika nyumba zao, hasa bwana mkubwa mmoja, Lansdowne, mwenye nyumba ya Bowood. Huko alikufa tarehe 7 Septemba 1799, akazikwa katika mji wa Calne ulio karibu.

Alijua mengi, ila hakuyajua yote. Miaka mitano baada ya kufa kwake, mwaka 1804, de Saussure wa Geneva alipima uzito wa mimea na wa hewa iliyoizunguka, akaonyesha kwamba maji pia huingia katika mwili wa mmea. Basi van Helmont hakukosa kabisa. Zile wakia 2 zilizopungua katika chungu chake hazikuwa bure, kwa kuwa mmea huhitaji chumvi kidogo za udongo, na shamba lisilorudishiwa chumvi hizo kwa samadi huchoka. Halafu, kati ya miaka ya 1860 na 1870, Mjerumani Julius Sachs aliufunika upande mmoja wa jani usipate jua, akaacha upande wa pili wazi. Kisha akalitia jani katika dawa ya iodini, ambayo hugeuza wanga kuwa na rangi nyeusi. Upande uliopata jua ukawa mweusi, na ule uliofunikwa ukabaki vilevile. Hapo ndipo watu walipokiona chakula chenyewe, ndani ya jani, mahali kilipopikwa.