Fundi aliyeuza jina lake

Juma lililopita alinijia jirani yangu, seremala mwenye karakana ya samani, akitaka ushauri. Yuko tajiri anayetaka kuinunua karakana hiyo pamoja na mbao, mashine na wafanyakazi wake, na juu ya hayo yote alitaka lile jina lililoandikwa juu ya mlango, ambalo ni jina la jirani yangu mwenyewe. Fedha zilizotajwa si haba. Mimi si mwanasheria wala mfanyabiashara, kwa hivyo sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilichofanya ni kumsimulia maisha ya Leo Fender, na sioni ubaya nikimsimulia msomaji pia.

Wapenzi wa muziki wa dansi wanalijua neno Fender japo wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Ujanani mwangu nilikuwa na mazoea ya kusimama kando ya jukwaa, upande wa mpiga besi, nikayaona maandishi hayo kwenye kichwa cha gitaa miaka nenda miaka rudi nikidhani ni aina ya chombo, kama mtu asemavyo kinanda au tarumbeta.

Clarence Leonidas Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909 katika jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa karibu na mji wa Fullerton. Alipokuwa na umri wa miaka 8 aliota uvimbe katika jicho la kushoto, likang'olewa na mahali pake pakatiwa jicho la kioo. Alijifunza piano na saksafoni kidogo, lakini gitaa hakujua kulipiga mpaka kaburini. Naam, huyu ndiye aliyeyatengeneza magitaa ambayo nusu ya dunia imecheza kwayo!

Shuleni alisomea uhasibu, si ufundi. Mambo ya redio aliyajua kwa mapenzi tu. Uchumi wa Marekani ulipoanguka katika miaka ya 1930 alipoteza kazi yake ya hesabu, na mwaka 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea vipaza sauti vyao vilivyoharibika, naye akawa akisikiliza malalamiko yao kwa makini kuliko wanavyosikilizwa na wenye viwanda. Mwaka 1945 alishirikiana na fundi mwenzake, Doc Kauffman, lakini mwaka uliofuata Kauffman alijitoa kwa kuhofia madeni. Leo akaendelea peke yake.

Magitaa ya siku hizo yalikuwa na tumbo wazi, na yakiunganishwa na umeme kwa sauti ya juu yalipiga yowe. Mwaka 1950 Leo alitoa gitaa la ubao mtupu usio na tumbo, shingo yake imefungwa kwa skrubu nne ili ikiharibika ibadilishwe kama tairi. Washindani wake walilicheka, wakalifananisha na kasia la mtumbwi. Kisha likaja jambo la jina. Gitaa hilo aliliita Broadcaster, na kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ilikuwa na ngoma zenye jina linalokaribiana na hilo. Leo hakubishana. Vibandiko vilikatwa, na kwa muda magitaa yakauzwa yakiwa na neno Fender peke yake, mpaka mwaka 1951 yalipoitwa Telecaster. Jina la chombo aliweza kulitupa bila kujuta, kwa kuwa la kwake lilibaki palepale.

Mwaka huohuo wa 1951 alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, linalipita gitaa lile. Mpiga besi wa zama hizo alibeba dude la mbao lenye kimo cha mtu, gumu kusafirishwa, na akifika ukumbini sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Tena shingo yake haikuwa na alama, kidole kikiteleza kidogo tu sauti imekwenda kombo. Leo alitengeneza besi la kuvaliwa begani kama gitaa, lenye nyuzi nne na urefu wa uzi wa inchi 34, akalitia vyuma shingoni ili kila sauti iwe sawasawa, na ndiyo maana aliliita Precision. Kwa chombo hiki mtu aliyejua gitaa aliweza kupiga besi, na besi likatoka nyuma ya bendi likaja mbele. Sisi wa Afrika Mashariki tuna deni hapo. Besi la benga halisikiki masikioni tu, hutetemesha kifua, na ni vigumu kulifikiria likipigwa kwa lile dude la zamani.

Mwaka 1954 akatoa Stratocaster, gitaa lililochongwa kando ili lisimchome mpigaji mbavuni. Mwaka 1960 likafuata Jazz Bass.

Lakini mwili ulikuwa ukimsaliti. Tangu katikati ya miaka ya 1950 alisumbuliwa na ugonjwa wa sainasi usiosikia dawa, hata akaamini kwamba siku zake zimehesabiwa. Januari 1965 aliliuzia shirika la CBS, lile la redio na televisheni, kampuni yote kwa dola milioni 13. Baadaye alipata daktari mwingine, akatibiwa kwa dawa kali za kuua vijidudu, akapona. Tafakari hali hiyo, msomaji: mtu aliyejiandaa kufa yu mzima wa afya, ana fedha asizojua kuzitumia, na mkataba unamkataza kushindana na jina lake mwenyewe kwa miaka 10.

Wako watakaosema mtu mwenye milioni 13 hana haki ya kuhurumiwa. Sikubaliani nao. Fundi hafanyi kazi kwa ajili ya fedha peke yake, na Leo hakujua starehe nyingine. Akayaona magitaa yenye jina lake yakitoka kiwandani bila mkono wake, na wapigaji wakianza kuyatafuta yale ya kabla ya 1965 kwa bei kubwa zaidi.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1975 akawa rais wa kampuni ya Music Man iliyoanzishwa na watu waliokuwa wake zamani. Mwaka 1976 ikatoka StingRay, besi lenye betri ndani ya kukuza sauti, ambalo peke yake lingetosha kumpa fundi mwingine heshima ya maisha. Ushirika huo nao ukaingia mfarakano. Mwaka 1979 alifiwa na mkewe Esther, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 70, akaanza upya na rafiki yake George Fullerton kampuni iliyoitwa G&L.

Kiwanda cha G&L kilikuwa katika barabara iitwayo Fender Avenue. Mji ulikuwa umempa barabara kwa jina lake, na yeye aliipita kila asubuhi akienda kutengeneza magitaa asiyoruhusiwa kuyaandika jina hilo. Kwetu wanamuziki wakimkimbia mwenye vyombo huondoka angalau na kipande cha jina, kama walivyofanya vijana wa Simba Wanyika mwaka 1978 walipojiita Les Wanyika. Leo aliondoka na herufi moja tu, ile L.

CBS nao waliiuza kampuni ya Fender mwaka 1985 kwa wafanyakazi wake, kwa bei iliyokuwa chini ya ile waliyomlipa Leo miaka 20 nyuma. Yeye wakati huo alikuwa ameshapatwa na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikitetemeka, na bado haikosi kazini. Siku moja kabla ya kufa alikuwa kwenye meza yake ya kazi. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza dola milioni 13 ni shilingi ngapi, akaaga. Hajanirudia. Jana jioni nilipopita, kibao kilikuwa bado kiko juu ya mlango.