Livingstone: Aliyeshuka Mikindani na kufa kwa tarehe mbili

MMISIONARI na msafiri wa Kiskoti, Dk. David Livingstone, alifariki dunia mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kifo chake kimeandikwa kwa tarehe mbili: Mei 1 na Mei 4.

Safari iliyomfikisha huko ilianzia pwani ya Mtwara. Livingstone, aliyezaliwa Machi 19, 1813 huko Blantyre, Scotland, aliufahamu Mto Ruvuma tangu mwaka 1861 na 1862 alipoupanda kwa vyombo vya maji. Aliporejea Machi 1866, mikoko ya mlangoni mwa mto huo ilimzuia kushusha wanyama wake. Akageukia Ghuba ya Mikindani, akashuka Machi 24.

Alikuwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kujua iwapo wangestahimili mbung'o. Miongoni mwa watu wake walikuwamo Susi, mwenyeji wa Shupanga kando ya Mto Zambezi, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861.

Mwaka huo haujaisha, dunia ilitangaziwa kifo chake. Wabebaji kutoka Anjouan, wakiongozwa na Musa, walimtoroka na kufika Zanzibar Desemba 1866 wakidai kuwa ameuawa karibu na Ziwa Nyasa. Msafara wa E. D. Young ulikwenda kuchunguza mwaka 1867 na kuthibitisha kuwa habari hizo zilikuwa za uongo.

Livingstone aliendelea kwa miaka saba, huku maradhi yakimdhoofisha. Mwanzoni mwa mwaka 1869 aliugua mapafu kiasi cha kupoteza hesabu ya siku katika shajara yake.

Maandishi yake ya mwisho ni ya Aprili 27, 1873. Siku mbili baadaye alibebwa kwa machela hadi kwa Chitambo. Usiku wa Aprili 30 kuamkia Mei 1, yapata saa sita, Susi alimpa dawa na maji, kisha akaruhusiwa kutoka. Karibu saa kumi alfajiri, kijana Majwara aliyelala zamu humo alimwita Susi. Walimkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mto. Mmoja wao alimgusa mashavu, yakawa karibu ya baridi kabisa.

Kwa lugha ya wataalamu wa leo, hicho kilikuwa kipimo cha joto la maiti. Mwili wa mtu mzima hupoteza takriban nyuzijoto moja hadi moja na nusu za Selsiasi kwa saa, ila mwendo huo hubadilika kwa unene, mavazi na hali ya hewa. Wataalamu hutazama pia kukakamaa kwa viungo na damu inayotuama upande wa chini wa mwili, na bado hutoa makadirio tu. Livingstone alikuwa amekonda mno, na mtu wa namna hiyo hupoa upesi. Saa ya kifo ilibanwa na ushahidi wa Susi: aliachwa hai saa sita, akakutwa amekufa saa kumi.

Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliupasua mwili. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti wa mpundu. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti. Jacob Wainwright, aliyesoma Nasik, India, alichonga kwenye mti huo jina la marehemu na tarehe: Mei 4.

Wanaume hao waliubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mjini London, Aprili 15, daktari wa upasuaji Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa, Afrika Kusini, mwaka 1844. Mfupa ulithibitisha jina la marehemu. Lakini mwili uliokaushwa kwa namna hiyo haungeweza kutaja siku ya kifo.

Siku hiyo ilipatikana kwa Susi na Chuma. Walipofika Uingereza walimsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1874. Kwa kuhesabu usiku mmoja mmoja tangu Aprili 27, jibu lilikuwa Mei 1.

Tarehe hiyo ndiyo iliyo juu ya kaburi lake katika Kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa Aprili 18, 1874. Kipande cha mti chenye tarehe ya Wainwright nacho kilipelekwa London. Hivyo jiwe linasema Mei 1, mti unasema Mei 4, na kinachoyapa uzito maandishi ya jiwe ni kumbukumbu ya watu wawili walioshuka naye Mikindani.