Soichiro Honda, fundi aliyerudishiwa pete 47 kati ya 50

BUNIA – Katika mtaa wa Bigo, hapa mjini Bunia, vijana mekanisie hufungua injini za pikipiki kando ya barabara. Wakishatoa pistoni, hukagua pete nyembamba za chuma zinazoizunguka. Pete hizo zikichoka, mafuta hupita, moshi wa buluu hutoka nyuma na pikipiki inashindwa kupanda mlima na abiria wawili. Jina la Honda wengi wao wanalijua. Wachache ndio wanaojua kwamba mwenye jina hilo aliingia katika kazi ya kiwanda kwa kutengeneza pete hizo hizo, na kwamba nusura zimfilisi.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, nchini Japani. Baba yake Gihei alikuwa mhunzi na fundi wa baiskeli. Mama yake Mika alikuwa mfumaji. Hawakuwa watu wa mali. Mtoto alipenda chuma kuliko daftari, na mwaka 1922, akiwa na miaka 15, akaenda Tokyo kujifunza kazi katika garaji iliyoitwa Art Shokai. Miezi ya kwanza hakuguswa na kazi ya magari: alipewa ufagio, tena akapewa mtoto mchanga wa patroni amlee. Alivumilia mpaka akapewa vyombo vya kazi. Mwaka 1928 patroni alimwamini, akamruhusu kufungua tawi la garaji hiyo Hamamatsu. Alikuwa na miaka 21.

Garaji ilimpa chakula na sifa. Lakini Honda alichoka kutengeneza vitu vilivyobuniwa na wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaanzisha kampuni ya Tokai Seiki ili itengeneze pete za pistoni. Aliona ni kitu kidogo, cha chuma kidogo, chenye wanunuzi wengi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, ila ufundi ulimshinda. Pete zake zilivunjika, au zilikuwa ngumu mno na kukwaruza silinda. Alilala karakanani, akatumia akiba yake.

Mwishowe akakubali kwamba mikono peke yake haitoshi. Akaenda kumuuliza mwalimu wa shule ya ufundi mjini, na jibu likawa fupi: chuma chake kilikosa silikoni ya kutosha. Akiwa tayari ni mtu mzima, patroni mwenye wafanyakazi, Honda akaingia darasani kukaa na vijana. Alifuata masomo yaliyohusu pete zake, mitihani akaiacha. Hakupata diploma.

Akatengeneza pete karibu 30,000, akachagua 50 zilizo bora zaidi, akazipeleka kwa kampuni ya Toyota. Toyota ilipozipima, ilikubali 3 tu. Zile 47 akarudi nazo. Mtu mwingine angefunga mlango. Yeye alizunguka katika viwanda na vyuo vya Japani kwa muda wa miaka 2 hivi akitazama jinsi chuma kinavyoyeyushwa na kupimwa, mpaka pete zake zikakubalika. Tokai Seiki ikawa muuzaji wa Toyota na wa kiwanda cha ndege cha Nakajima, na wakati mmoja ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,000.

Kisha vita vikaja. Wanaume wakapelekwa jeshini, na Honda akabuni mashine za kujiendesha ili wanawake na wasichana ambao hawakujifunza ufundi waweze kutengeneza pete. Mabomu ya Wamarekani yaliharibu sehemu ya viwanda vyake. Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kiwanda cha Iwata. Vita vilipoisha, akauza kilichobaki kwa Toyota kwa yen 450,000.

Mwaka 1946 alianza upya katika kibanda kidogo Hamamatsu. Alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizotumika kuendesha redio, akazifunga kwenye baiskeli. Watu walikosa usafiri, wakazigombania. Tarehe 24 Septemba 1948 ikazaliwa Honda Motor. Mwaka uliofuata akaungana na Takeo Fujisawa, mtu wa biashara aliyeshika fedha na mauzo huku Honda akibaki na mashine. Mwaka 1958 walitoa pikipiki ndogo ya Super Cub, ambayo hadi mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya mara milioni 100.

Honda hakutaka kuuza tu ng'ambo, alitaka pia kutengeneza huko huko. Mwaka 1963, miaka 3 baada ya uhuru wetu, kampuni yake ilianza kutengeneza pikipiki ndogo mjini Aalst, Ubelgiji. Hasara ilikuwa kubwa mwanzoni, maana wanunuzi wa huko walikuwa na desturi zao. Mwaka 1973 yeye na Fujisawa wakastaafu pamoja. Hakumwachia mtoto wake kampuni.

Njia aliyoifungua iliendelea. Mwaka 1979 Honda ilianza kutengeneza pikipiki huko Ohio, Marekani, na mwaka 1982 magari. Mwaka 1981 Japani ilikubali kupunguza idadi ya magari inayopeleka Marekani, na kuanzia 1985 yen ilipanda thamani, hivyo kusafirisha kutoka nyumbani kukawa ghali. Gari lina maelfu ya vipande, na mwenye jina kwenye gari hununua vingi kwa wengine. Basi watengenezaji wa viti, nyaya, breki na pete wakafuata wateja wao Marekani, kisha Thailand, Meksiko na India. Afrika nayo haikuachwa kabisa: Yazaki ya Japani hutengeneza nyaya za magari nchini Moroko, na mwaka 2013 Honda ilianza kuunganisha pikipiki mjini Nairobi.

Kwetu Ituri bado. Vipuri vingi hutufikia kupitia Uganda, kwa barabara ya Mahagi au kwa ziwa Albert, na barabara ikikatwa na vita, bei hupanda Bigo siku hiyo hiyo. Mikono tunayo. Tunachokosa ni usalama, umeme wa kudumu, na mahali ambapo fundi wa kando ya barabara anaweza kuingia kuuliza kwa nini chuma chake kinavunjika.

Mwaka 1989 Honda aliingizwa katika jumba la heshima la magari nchini Marekani, Mjapani wa kwanza kupata nafasi hiyo. Alifariki Tokyo tarehe 5 Agosti 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa: hakutaka mtengeneza magari awe sababu ya kuziba barabara za watu.